Mwongozo Kamili: Kulinganisha Injini Kabla ya Kubadilisha Iliyochoka Kwenye Vani ya Kambi

Watu wengi wanaogeuza HiAce kuukuu kuwa gari la kambi hapa Nairobi hukwama mahali pamoja: hununua injini kwanza, kisha ndipo huuliza kama itaingia. Injini hulala gerejini miezi kadhaa, fundi wa waya hudai malipo ambayo hayakuwa kwenye bajeti, na mwishowe injini huuzwa kwa hasara ili inunuliwe ile ambayo ingefaa tangu mwanzo.

Chanzo ni swali baya. Mnunuzi huuliza injini ipi ina nguvu zaidi, ilhali swali linalookoa fedha ni hili: injini ipi inahitaji vitu vichache zaidi kubadilishwa ili ifanye kazi ndani ya gari hili? Bei ya injini dukani ni sehemu tu ya gharama, na mara nyingi si sehemu kubwa.

Mwongozo huu unatumia mfano wa Toyota HiAce ya kizazi cha H100, ile inayojulikana mitaani kama Shark, iliyotoka ikiwa na injini ya dizeli ya 2L (hilo ni jina la injini, si lita mbili). Nyingi zilibeba watalii zikiwa na paa la kuinuka, na sasa zinauzwa kwa bei inayowavutia wapenda kambi. Mwenye Nissan Caravan atafuata hatua zilezile. Mwenye Kombi ya Volkswagen, ambayo injini yake iko nyuma, atafaidika na hatua za ukaguzi na karatasi pekee. Mengine yanahitaji somo lake.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la kazi hii pekee, pamoja na simu yenye nafasi ya kutosha ya picha.
- Utepe wa kupimia, rula ya chuma na kadibodi ngumu.
- Geji ya kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ya dizeli inayofika psi 600 au zaidi (psi ni kipimo cha shinikizo), pamoja na adapta inayoingia kwenye tundu la plagi ya joto ya injini husika. Geji ya petroli haitoshi na inaweza kupasuka.
- Multimita, tochi, kioo kidogo chenye mpini na sumaku.
- Nakala ya logibuku na picha ya bamba la chuma la gari lenye modeli, namba ya chesisi na alama za giaboksi na ekseli.
- Fundi wawili, yaani wa injini na wa umeme wa magari. Mlipe fundi wa umeme saa moja ya ushauri kabla hujanunua chochote, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukuambia mapema kwamba injini uliyoipenda itakula waya za gari zima.

## Hatua ya 1: Pima uzito wa gari likiwa limejaa

Jaza tangi la maji, weka mitungi ya gesi, vitanda, betri, friji na abiria, kisha upeleke gari kwenye mizani ya lori. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu na baadhi ya maghala ya Industrial Area wana mizani ambayo mtu wa nje hulipia. Omba vipimo vitatu: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma na jumla.

Sababu ni kwamba vani ya kambi si matatu. Matatu hushusha abiria, lakini kabati, maji na godoro hupanda nawe kila mlima. Lita 100 za maji pekee ni kilo 100. Ukishajua uzito halisi, utajua kama unahitaji injini yenye nguvu zaidi au unahitaji kutoa mbao nzito za kabati.

Tahadhari. Ikiwa jumla tayari imezidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, simama hapa. Injini yenye nguvu zaidi ndani ya gari lililozidi uzito hukuongezea mwendo ambao breki na magurudumu hayawezi kuuzuia.

## Hatua ya 2: Hakikisha injini ya zamani imekufa kweli

Gari lisilopanda mlima na linalotoa moshi mweusi halina lazima ya kuwa na injini mbovu. Kichujio cha hewa kilichoziba, nozeli zinazodondosha mafuta badala ya kuyapuliza, au pampu ya dizeli iliyolegezwa na fundi wa zamani huleta dalili hizohizo. Anza na hivyo kabla ya kuihukumu injini.

Kisha pima kompresheni injini ikiwa na joto la kazi na betri ikiwa imejaa. Kwa injini za 2L na 3L, kiwango cha Toyota kwa injini nzima ni takriban psi 455, kiwango cha chini kinachokubalika ni takriban psi 284, na tofauti kati ya silinda na silinda haipaswi kuzidi takriban psi 71.

Hapa pana jambo ambalo fundi wengi hawalizingatii. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Geji hushuka kwa kiasi hicho pia. Injini ambayo ingesoma 455 pwani itasoma karibu 370 hapa, nayo ni nzima kabisa. Kwa hiyo usiitupe injini kwa sababu namba zimepungua kidogo. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda, kwa kuwa hiyo haidanganywi na mwinuko.

Ikiwa silinda zote zimeshuka kwa usawa na bloki haina ufa, kuifanyia injini ya zamani ovahoo, yaani kuifungua na kuikarabati yote, kunapaswa kuandikwa kwenye daftari kama mgombea wa kwanza. Haihitaji mabano mapya, waya mpya wala karatasi mpya. Watu huidharau njia hii kwa sababu haina raha ya kitu kipya, ingawa kwa gari linalotembea kilomita chache kwa mwaka mara nyingi ndiyo yenye akili zaidi.

Hatua hii imekamilika utakapokuwa na namba nne za kompresheni zilizoandikwa na sababu moja iliyo wazi ya kuiondoa injini, au ya kuiacha.

## Hatua ya 3: Chagua wagombea kwa familia, si kwa sifa

Injini hutengenezwa kwa familia. Zile za familia moja hushiriki bloki ya aina moja, matundu ya kufungia giaboksi na sehemu za maunti (vishikio vya injini). Ukibaki ndani ya familia, kazi huwa ya siku chache. Ukitoka nje yake, unatengeneza gari upya.

3L na 5L. Hizi ni ndugu wa 2L. Ukubwa wao ni sentimita za ujazo 2,446 kwa 2L, 2,779 kwa 3L na 2,986 kwa 5L. Giaboksi iliyokuwa kwenye 2L hukubali 3L na 5L. Pampu ya kawaida ya dizeli ni ya kimakanika, hivyo waya zinazohitajika ni chache mno: staata, alteneta, waya wa kuzimia injini, plagi za joto, na vipimo vya joto na oili. Spea zake zinapatikana Kirinyaga Road na karibu kila mji ambao Shark imewahi kubeba abiria, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtu anayetaka kulala Samburu au Turkana. Upungufu wake ni kwamba hazina turbo, na torki yao, yaani nguvu ya kuzungusha, iko chini ya Nm 200.

Kuwa macho na herufi moja. Ile inayoitwa 5L-E ina pampu inayoongozwa na kompyuta, nayo si sawa na 5L ya kawaida hata kidogo. Wauzaji huziita zote 5L. Tazama pampu yenyewe: ikiwa ina plagi kubwa ya waya nyingi juu yake, hiyo si injini ya kimakanika.

1KZ-TE. Hii ina sentimita za ujazo 2,982, turbo na torki inayokaribia Nm 290. Toyota yenyewe iliifunga kwenye HiAce za H100 zilizouzwa Japani, zile ambazo modeli yake huanza na KZH, hivyo inaingia bila kukata bodi iwapo utapata injini iliyotoka kwenye HiAce. Turbo huisaidia sana hapa Nairobi, kwa sababu hurudisha sehemu ya hewa ambayo mwinuko umeichukua. Hata hivyo, pampu yake inaongozwa na kompyuta, matundu yake ya giaboksi si ya familia ya L, na nyingi za KZH zilikuja na gia otomatiki. Hedi yake (kichwa cha injini) ya aluminiamu ina sifa mbaya ya kupasuka injini ikipata joto kupita kiasi. Anayeichagua achague pia rejeta nzima na kipimajoto cha kuaminika, la sivyo asiichague.

1KD-FTV. Ni injini ya HiAce zilizofuata, za kizazi cha H200. Ina nguvu na hutumia mafuta vizuri, lakini mafuta hufika kwenye nozeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,300, na nozeli mpya huhitaji namba zake kuingizwa kwenye kompyuta. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu pampu ya aina hii haraka. Uchanganyaji huo ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliyatoza mafuta ya taa ada mpya ya shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida yake. Kwa mtu atakayejaza mafuta kutoka kwenye mapipa ya vijijini, siipendekezi. Vilevile, viziba vya shaba chini ya nozeli vikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini huharibika bila dalili nyingi.

1RZ na 2RZ za petroli. Zote mbili zilifungwa kiwandani kwenye H100, zina mnyororo wa taimingi badala ya belti, na ni tulivu. Zinakufaa ikiwa gari lako lilikuwa la petroli tangu awali. Kugeuza gari la dizeli kuwa la petroli, au kinyume chake, huongeza kazi ya tangi, mabomba, breki na karatasi, na sioni faida inayolipa usumbufu huo.

Kwa Caravan ya E24, mantiki ni ileile: TD27 na QD32 ni za jamii moja, taimingi zake huendeshwa kwa gia zisizo na belti, na QD32 iliwahi kufungwa kiwandani kwenye gari hilo.

Baki na wagombea wasiozidi watatu. Kwa Shark ya 2L, orodha yenye maana ni ovahoo, 5L ya kimakanika na 1KZ-TE iliyotoka kwenye KZH.

## Hatua ya 4: Pima nafasi kabla ya kupima injini

Injini ya H100 iko chini ya viti vya mbele, ndani ya sanduku ambalo halina huruma. Fungua mfuniko wa kiti na upime kutoka katikati ya puli ya krenki hadi kwenye mfuniko, hadi kwenye boriti ya chini, na hadi kwenye rejeta. Pima pia upana kushoto na kulia, ukikumbuka bomba la eksozi na shafti ya usukani. Kata kadibodi kwa vipimo hivyo ili uende nayo dukani.

Hatari kubwa iko kwenye injini zenye jina lilelile zilizotoka kwenye gari jingine. 1KZ-TE ya Prado au ya Hilux Surf ina sampu (beseni la oili) ya umbo tofauti, mabomba ya hewa yaliyoelekezwa kwingine na maunti zisizolingana. Muuzaji atakuambia kwamba injini ni ileile. Bloki ni ileile. Kinachoizunguka sicho, na hicho ndicho kinachogonga boriti.

Umefaulu ikiwa kadibodi yako inazunguka injini iliyo dukani kila upande na bado panabaki nafasi ya mkono wa fundi kufikia chujio la oili. Nafasi isiyoruhusu mkono ni nafasi ambayo haitafanyiwa huduma.

## Hatua ya 5: Hesabu gia na difu

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayoamua kama injini mpya itaishi muda mrefu au itapiga kelele barabara nzima.

Unahitaji namba tatu: mzingo wa gurudumu, uwiano wa gia ya tano na uwiano wa difu (gia zilizo ndani ya ekseli ya nyuma). Mzingo unapimwa kwa chaki: weka alama kwenye tairi na sakafuni, sukuma gari hadi gurudumu lizunguke mara moja, upime umbali. Uwiano wa difu hupatikana kwa kugawanya idadi ya meno ya gia kubwa kwa ya gia ndogo, au kwa kumwonyesha muuzaji wa spea alama ya ekseli iliyo kwenye bamba la gari.

Tuchukue mfano wa tairi lenye mzingo wa mita 2.05 na gia ya tano ya 0.85. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara 813 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha kwa uwiano wa gia. Difu ya 4.875 itaizungusha injini takriban mara 3,370 kwa dakika. Difu ya 4.3 itaizungusha takriban mara 2,970.

Tofauti hiyo ya mizunguko 400 ndiyo tofauti kati ya safari ya Mombasa ambayo mnaweza kuzungumza ndani ya gari na ile ambayo hamwezi. Injini ya turbo kama 1KZ-TE, ambayo torki yake iko chini kwenye mizunguko, hufurahia difu ndefu, yaani yenye namba ndogo. Injini ya 5L isiyo na turbo, ikivuta vani iliyojaa kwa difu ndefu, itakulazimisha kurudi gia ya tatu kila kilima cha Machakos. Usibadilishe difu kwa sababu ya namba ya mwendo kasi pekee. Itazame pamoja na uzito ulioupata katika hatua ya kwanza.

Ikiwa injini mpya inakuja na giaboksi yake, pima pia urefu wa propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) na mahali pa boriti ya giaboksi. Propela hukatwa na kusawazishwa na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo. Welda wa kando ya barabara anaweza kuiunga, ila hawezi kuisawazisha, na mtetemo wake utakula bearingi.

## Hatua ya 6: Joto, breki na umeme

Joto. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, na Limuru huchemka mapema zaidi. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliochoka, ambao ni spea ya bei ndogo kuliko zote utakazonunua, unatosha kuua hedi ya 1KZ-TE kwenye mteremko wa Mai Mahiu wakati wa kupanda. Nunua mpya wenye shinikizo lililoandikwa kwenye ule wa zamani, na uandike kwenye daftari kama rejeta ya sasa inatosha injini kubwa zaidi au lazima iongezwe safu.

Breki. Hapa ndipo mtu anaweza kufa. Kikuza breki, kinachousaidia mguu wako, huhitaji vakyumu (mvuto wa hewa). Injini ya petroli hutoa vakyumu kwenye bomba lake la hewa, lakini dizeli huhitaji pampu, ambayo kwa injini za L imefungwa nyuma ya alteneta. Mtu akifunga alteneta ya bei nafuu isiyo na pampu hiyo, gari litawaka, litachaji na litaondoka, lakini kanyagio la breki litakuwa gumu kama ukuta. Angalia mgongo wa alteneta kabla ya kulipa, na hakikisha bomba la oili linalolainisha pampu hiyo lipo.

Umeme. Soma volti kwenye staata, kwa kuwa baadhi ya dizeli za Japani zilitengenezwa kwa volti 24. Plagi za joto nazo hazilingani: nyingine zimeandikwa volti chini ya 12 na hutegemea relei yake maalumu. Kwa injini yenye kompyuta, kompyuta, waya zake zote, sensa na kanyagio la mafuta vitoke kwenye gari moja. Waya zilizokatwa kwa msumeno karibu na injini ni dalili ya kuondoka dukani. Mwambie fundi wa umeme kuhusu betri ya pili ya friji na taa, ili alteneta ichaguliwe kwa mzigo huo mapema.

## Hatua ya 7: Jaza jedwali la gharama yote

Chora safu moja kwa kila mgombea na uandike bei uliyoiulizia mwenyewe wiki hiyohiyo, kwa sababu bei za injini za Japani hubadilika kila shehena inapoingia. Weka mistari hii: injini, giaboksi, klachi, maunti, propela, rejeta na mabomba, eksozi, waya na kompyuta, belti ya taimingi na tensheni zake, maji na oili, ufundi, ukaguzi na karatasi, na akiba.

Kila mstari ulioachwa wazi ujazwe neno moja: sijui. Mgombea mwenye "sijui" nyingi kuliko wengine ndiye ghali zaidi, hata kama injini yake ni ya bei ya chini. Nimeona jedwali la namna hii likimbadilisha mtu aliyekuwa tayari amebeba fedha za 1KD, akarudi nyumbani na 5L na chenji ya kununua magurudumu manne.

## Hatua ya 8: Kagua injini dukani

Nenda asubuhi. Iguse injini kabla ya kitu kingine: ikiwa ina joto, iliwashwa kabla hujafika, na injini iliyopashwa huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Omba uonyeshwe nyingine au urudi kesho.

Kisha fuata mpangilio huu.

1. Soma namba ya injini kwenye bloki. Herufi ziwe za kina kimoja, bila mikwaruzo ya msasa pembeni. Namba iliyosagwa inamaanisha hakuna biashara, bila mjadala.
2. Zungusha krenki kwa mkono kwa kutumia spana, mizunguko miwili kamili. Usikie mgandamizo ukija na kuondoka kwa usawa, bila kukwama.
3. Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama uji unamaanisha maji yamechanganyika na oili. Tumbukiza sumaku kwenye oili ya sampu. Vumbi laini ni kawaida, vipande havikubaliki.
4. Tazama kwa kioo ndani ya tundu la maji la hedi. Kutu nzito huonyesha kwamba injini iliendeshwa kwa maji matupu.
5. Kwa injini ya turbo, shika shafti ya turbo kwa vidole. Mchezo mdogo wa pembeni unavumilika. Bawa likigusa nyumba yake, turbo imekwisha.
6. Pima kompresheni, ukikumbuka hesabu ya mwinuko.
7. Iwashwe ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi unaosukuma kiganja kwa mapigo ni dalili ya ringi zilizochoka.

Muuzaji wa Grogan au Industrial Area anayejiamini hatakataa ukaguzi huu, ingawa atalalamika kuhusu muda. Dhamana anayoitaja kwa mdomo iandikwe kwenye risiti: siku ngapi, na inahusu nini. Neno "dhamana" peke yake halirudishi fedha.

## Hatua ya 9: Karatasi kabla ya fedha

Logibuku ya Kenya hubeba namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ukibadilisha injini, taarifa hizo huwa si za kweli tena hadi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, izirekebishe. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, na gari hukaguliwa. Kituo cha Nairobi kiko Likoni Road, Industrial Area.

Dai risiti ya eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi) yenye namba ya injini, pamoja na nakala ya hati za forodha zinazoonyesha jinsi injini ilivyoingia nchini. Anayekosa hati hizo anaweza kuwa anakuuzia injini ya gari lililoibwa, na mzigo wa kueleza utakuwa wako. Mjulishe pia mtoa bima kwa maandishi, kwa injini na kwa mageuzi ya kambi yenyewe.

## Hatua ya 10: Kufunga, kuwasha na kujaribu barabarani

Kabla injini haijaingia, badilisha belti ya taimingi, tensheni, sili za mbele na nyuma za krenki, pampu ya maji, thamostati na klachi. Fanya hivyo hata kama belti inaonekana mpya. Kazi hii huchukua saa chache injini ikiwa sakafuni, na huchukua siku nzima ikishakuwa chini ya kiti.

Zungusha injini kwa staata bila kuiruhusu iwake, hadi taa ya oili izimike, ndipo uiwashe. Iache ifike joto la kazi, ongeza maji yanaposhuka, na ukanyage breki mara kadhaa injini ikiwa imewaka. Ukiwa umelikanyaga, kanyagio lizame kidogo kila unapowasha injini. Lisipozama, rudi hatua ya 6.

Jaribio la kwanza lifanyike gari likiwa tupu, karibu na gereji. La pili lifanyike likiwa limejaa kama siku ya mizani, kwa kupanda kutoka Mai Mahiu kuja Limuru asubuhi na mapema, kabla malori hayajaziba njia. Joto lipande kidogo na kutulia. Likiendelea kupanda bila kutulia, egesha, acha injini ingurume ili feni ifanye kazi, na usifungue rejeta. Moshi mweusi mzito kileleni kwa injini ya 5L unamaanisha pampu inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Mpelekee fundi wa pampu aipunguze kwenye mashine yake, wala usimruhusu mtu kukisia kwa bisibisi kando ya barabara.

Baada ya kilomita 500 kaza tena maunti, eksozi na bolti za propela. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili, badilisha chujio, na utumbukize sumaku tena kabla ya kupanga safari ndefu.